Mbuzi Nyuma ya Ukuta

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu nitazikata fupi. Hali yako naijua, kwa kuwa leo baada ya sala ya Ijumaa nilikuona kwa macho yangu ukimaliza sahani mbili za wali kwa mchuzi wa kunde, na mtu anayekula hivyo hana ugonjwa wa kuulizwa. Nakuandikia kutoka buchani. Nyama imekwisha mapema, nimeosha gogo, nimelitandika gazeti, na mlango nimeurudisha ili watu wa Zinga wasije wakasema Shabani ameanza kazi ya ukarani uzeeni.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako anakuhubiria tangu Jumatatu, kuanzia baridi ya Arusha mpaka namna ya kukumbatia mkoba ndani ya basi, na nikiongeza la kwangu utachoka kabla hatujafika Msata. Mimi nina jambo moja tu. Ni kile kipengele cha tatu ulichokiacha kitupu.

Nitaanza mwanzo, hata kama unaujua, maana nataka nijisikie mwenyewe nikilisema lote. Jumamosi ulikuja hapa na karatasi nne. Ukaniambia kwamba huko unakokwenda umepewa kazi ya kuwaeleza watu mambo ya saikolojia kwa podikasti, na kwamba kipindi cha kwanza kitahusu namna ya kuandika habari za hasira na vipigo vya nyumbani ili mtu asiyesoma chuo azielewe. Mkononi ulikuwa na muhtasari tu, vipengele vinne vyenye namba. Cha kwanza, kwa nini watu hawasomi maandishi ya saikolojia. Cha pili, lugha. Cha tatu, mfano hai. Cha nne, kumficha mhusika. Ukasema, "Baba, wewe miaka yote unazungumza na watu huku unakata nyama, na hawaondoki. Nisaidie haya yawe maneno ya mdomo, nipate skripti."

Nilivimba kichwa, sikufichi. Mtoto amesoma mpaka chuo kikuu, halafu anarudi kuuliza maneno kwa muuza nyama. Nilikata nusu kilo ya mtu vibaya kwa furaha.

Ukaanza kusoma kipengele cha pili. "Uchokozi uliohamishwa ni mwelekeo wa mtu kuielekeza hasira yake kwa mlengwa asiyekuwa chanzo cha hasira hiyo." Bi Mwajuma wa vitumbua alikuwa amesimama hapo akisubiri utumbo wake. Ulikuwa umekwisha kumwamkia na yeye amekwisha kuitikia marahaba, basi akajiona ana haki ya kuingia.

"Mwanangu," akakuuliza, "hilo ni tangazo la msiba au la kukatika umeme?"

Mimi nikakwambia, sema hivi: mtu katukanwa na mkubwa wake kazini, hakujibu, kafika nyumbani kampiga mkewe kwa kuwa chumvi imezidi. Bi Mwajuma akanyoosha mkono. Akapokea mfuko wake, akasema, "Huyo namjua. Nimelala naye miaka ishirini na sita," akaenda zake. Mimi nilicheka sana. Wewe ulicheka kidogo, ukainama kuandika.

Jumapili na Jumatatu tulifanya kazi nzuri, tena nzuri kuliko tulivyowahi kufanya jambo lolote pamoja. Nilikwambia kwamba msomaji akipotea hurudi nyuma kwa kidole, lakini msikilizaji akipotea huenda kuchungulia chungu jikoni na harudi tena. Nilikukataza kusema "kwanza, pili, tatu," kwa sababu hakuna mtu anayesimulia shida zake kwa namba. Nilikwambia kila sentensi uipime kwa pumzi moja. Wewe ulikuwa unafuta na kuandika, unafuta na kuandika, unanisomea kwa sauti, nami nakatiza. Ulipokasirika ulisema, "Basi andika wewe, Baba." Nilifurahi hata kwa hilo.

Halafu ikaja Jumanne.

Ulisoma, "Kipengele cha tatu. Mfano hai: mtoto aliyeshuhudia." Chini yake ulikuwa umeandika mstari mmoja, kwamba mtu mwenye hasira hupoteza udhibiti wa nafsi yake, na baada ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe. Nilikuuliza mtoto gani. Ulinyoosha kona ya karatasi. Nikauliza tena, mtoto gani huyo, na sauti yangu ilikuwa imeshapanda. Ukasema, "Mtoto tu, Baba." Nikainua shoka nikaligonga gogo. Halikuwa na nyama juu yake. Niligonga gogo tupu, shoka likazama, na nilipoinua macho wewe ulikuwa umejikunja ukutani, mikono yote miwili usoni, viwiko mbele.

Una miaka ishirini na mitatu. Umefundishwa kuwatibu watu roho zao. Na mwili wako ulijua la kufanya kabla hata shoka halijatua.

Kisha ukashusha mikono, ukaokota karatasi, ukasema, "Samahani, Baba. Hicho nitakiacha wazi, nitakijaza nikifika." Wewe ndiye uliyeomba samahani. Nimekaa na hiyo samahani siku tatu, na leo nimeshindwa kuimeza.

Kwa hiyo sikiliza. Mtoto aliyeshuhudia ninamjua, na yaliyotokea ninayajua kuliko wewe, kwa sababu wewe uliyatazama tu. Mimi niliyafanya.

Babu yako alinifundisha kuchinja nikiwa na miaka kumi na miwili, huko Kerege, nyuma ya nyumba yake. Siku ya kwanza nilichukua kinoo nikaanza kunoa kisu, na beberu amefungwa hatua tatu kutoka hapo, ananitazama. Babu yako alinisogelea. Alinipiga kofi la sikio nikaangukia kile kinoo, na nilipojaribu kuinuka akanipiga teke la mbavu nikalala tena. Ndipo akasema, "Mnyama haonyeshwi kisu. Mnyama hachinjwi mbele ya mwenzake. Tumekatazwa kuwatesa." Damu ilikuwa inanitoka sikioni na mimi naitikia, ndiyo Baba, ndiyo Baba. Sikio hilo mpaka leo linasikia nusu, ndiyo maana wateja wanaosimama kulia nawauliza mara mbili.

Sikuwahi kuisahau ile sheria. Nimechinja maisha yangu yote na hakuna mnyama aliyewahi kuona kisu changu kabla ya wakati wake. Huo ulikuwa ufahari wangu. Kuhusu kofi na teke nilijiambia kwamba ndivyo sheria inavyoingia kichwani.

Nilipokuwa kijana nilikwenda mnadani Msata kununua ng'ombe, nikamkuta mchuuzi mmoja anamchoma ndama jichoni kwa ncha ya fimbo ili apande lori. Nilimnyang'anya fimbo nikampiga nayo. Alipoanguka sikuacha. Nilimpiga mgongoni, nikampiga vidole alivyofunikia kichwa chake, fimbo ikakatika, nikaendelea kwa kiatu. Watu watatu ndio walionivuta. Yule bwana vidole vyake vilivimba hata kikombe hakuweza kushika, na uso wake sikuutambua nilipomwona anapakiwa. Habari ikafika Zinga kabla yangu: Shabani ana huruma na viumbe, hata ugomvi wake ni wa haki. Wateja wakaongezeka. Mama yako alinipenda kwa habari hiyo, aliniambia mwenyewe. Nilikuwa nimempiga mtu mpaka karibu kumlemaza, na watu wananishukuru. Hiyo ladha ilinikaa mdomoni miaka mingi, na nyumbani niliitafuta tena na tena bila kuipata, kwa kuwa nyumbani hakuna anayekushukuru.

Mama yako nimempiga mara nyingi kuliko unavyojua. Nimempiga kwa simu iliyokatika, kwa mgeni aliyechelewa kuondoka, na mara moja kwa sababu alicheka wakati mimi sijacheka. Sitayapanga yote hapa. Naandika hili lijulikane tu kwamba ile Idd haikuanguka kutoka mbinguni.

Sasa nifike kwenye hiyo Idd.

Ilikuwa Idd ya kuchinja. Wewe ulikuwa na miaka tisa, umevaa gauni jipya la njano. Kaka yako Athumani alikuwa na kumi na mitano. Nilikuwa na mbuzi watatu wa kuchinja uani, mmoja wetu na wawili wa majirani, na kazi ya Athumani ilikuwa kuwashika nyuma ya ukuta wa jiko ili wasione. Nilimchinja wa kwanza. Wakati damu bado inatoka, Athumani alilegeza kamba, sijui alikuwa anawaza nini, labda mpira, labda sikukuu kama watoto wote, na yule beberu mweusi akazunguka kona ya ukuta akamwona mwenzake. Akapiga kelele, akaruka, akajivuta mpaka kamba ikamkaba.

Jirani yetu aliyekuwa anasubiri nyama yake akasema kwa utani, "Ahaa, leo mchinjaji wetu kamwonyesha mnyama damu." Alisema hivyo tu. Nilicheka naye. Nilimpasulia nyama yake, nikamfungia, nikamtakia Idd njema, nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Niliporudi nilimshika yule beberu, nikampeleka nyuma ya ukuta, nikamfunga kwenye nguzo kwa mafundo mawili. Nilimpapasa shingo mpaka akatulia. Nikainama kuhakikisha kwamba pale alipo haoni uani. Ndipo nikarudi nikachukua mpini wa shoka.

Wewe ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jiko na beseni la maji. Nilikuona, mwanangu. Nilikuona vizuri, na gauni lako. Mbuzi nilimficha, wewe nikakuacha.

Pigo la kwanza lilimpata Athumani begani. La pili mgongoni. Alipoinua mkono wa kushoto kujikinga, la tatu likampata kati ya kiwiko na kiganja, na mfupa nikausikia. Mimi ni mchinjaji, mlio wa mfupa naujua. Mtu mwingine angesema hakujua amefanya nini. Mimi nilijua papo hapo, kisha nikampiga mara mbili zaidi. Mama yako akatoka jikoni akamlalia juu. Nilimvuta kwa kanga, hakuachia, nikamtupia kiwiko kikampata mdomoni. Jino lake likaanguka mchangani karibu na miguu yako. Uliinama ukaliokota, ukaliweka ndani ya beseni la maji, ukasimama tena palepale. Hukulia. Nilitamani ulie, nipate sababu ya kukufukuza.

Baada ya hapo nilikwenda kumchukua yule beberu, nikamchinja. Kwa kisu kikali, kwa jina la Mwenyezi Mungu, nikimwelekeza kibla, bila kumtesa.

Ule mstari wako, kwamba mtu mwenye hasira hupoteza udhibiti wa nafsi, nakuomba uufute. Labda wako wanaoupoteza, wewe umesoma utajua. Mimi sikuupoteza. Nilicheka na jirani, nikamfungia nyama, nikafunga mafundo mawili, nikampapasa mbuzi, nikachagua mpini badala ya shoka lenyewe. Muda wote huo niliujua mkono wangu uko wapi. Na bwana mmoja akija kwako huko, akakwambia shetani alimpitia, macho yalimwingia giza, muulize taratibu alichokifanya dakika tano kabla. Muulize alimwepusha nani kwanza. Utamkuta mbuzi wake.

Sasa lile lililo baya zaidi kwangu, ambalo mpaka Jumanne hii nilikuwa nimelisahau kabisa. Tulipanda gari la jirani kwenda hospitali. Athumani alikuwa nyuma na mama yako, mkono umefungwa kwa kanga, na wewe nilikupakata mbele. Njiani nilikufundisha kwa sauti ya chini, dereva asisikie. Nikakuuliza, "Kaka alianguka wapi?" Ukasema hujui. Nikasema, "Mkoroshoni. Alianguka wapi?" "Mkoroshoni." "Alikuwa anafanya nini?" "Anachuma mabibo." "Na mama?" "Alijigonga mlangoni alipokuwa anakimbia kumsaidia." Nilikurudisha mwanzo mara tatu. Ulipokwenda mbio nilikwambia, sema polepole, pumua kwanza, wasije wakadhani umekaririshwa.

Muuguzi alikuuliza wewe. Watu wazima alituruka. Ukamjibu neno kwa neno, na pale nilipokwambia upumue, ulipumua.

Hiyo ndiyo skripti ya kwanza niliyokutengenezea, Mwanaidi. Jumamosi uliponiambia nikusaidie maneno ya mdomo, nilijiona mwalimu mpya. Kumbe ulikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Jumapili nilipokwambia kila sentensi uipime kwa pumzi, ulinitazama kwa muda mrefu, nami nikadhani unavutiwa na hekima yangu.

Wakati ule nilikuwa na methali za kutosha. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Samaki mkunje angali mbichi. Nilizisema kwa majirani, na majirani walizipokea, kwa sababu na wao walikuwa nazo nyumbani. Mimi sikuchelea mwana kulia, na nimelia vilevile. Na huyo samaki sikumkunja, nilimvunja. Mkono wa Athumani haunyooki mpaka leo. Mama yako ananiambia kwamba huko Tanga anafanya kazi ya kuchomelea vyuma, na kwamba hushika chuma kwa ule mkono uliopinda na kuchomelea kwa mzima, na wateja wanampenda. Ananiambia mama yako, kwa kuwa mimi nikipiga simu huita mpaka ikakatika.

Watu husema Shabani amepoa. Nisikudanganye na hilo. Sikuacha kupiga kwa wema. Athumani alipofika miaka kumi na minane nilimwinulia mkono pale mlangoni kwa ajili ya jambo ambalo hata silikumbuki, akaushika kifundoni kwa mkono wake mzima. Alikuwa ameshanizidi nguvu. Angeweza kuuvunja. Alinishika tu, akasema, "Basi, Baba. Basi." Alinishika mpaka mkono ukachoka, akauachia, na asubuhi yake hakuwepo. Tangu siku hiyo sijampiga mtu. Niliacha kwa sababu nilishikwa, na mtu aliyeacha kwa kushikwa hana la kujisifia.

Jumanne nilishikwa mara ya pili. Safari hii hukunigusa.

Na wewe una hasira zangu, nakuomba usikatae. Ulipokuwa na miaka kumi na minne ulimchapa mtoto wa jirani kwa ufagio kwa sababu alikanyaga daftari lako, ukamchapa mpaka ufagio ukafumuka. Nilikuwa napita. Uliacha ghafla, ukautazama mkono wako, ukaenda kuuosha kwa sabuni, ukaosha na kuosha. Siku hiyo nilitakiwa nikae na wewe nikwambie haya. Nilipita kama sikuona, kwa kuwa ningeanza ningelazimika kumaliza. Sijui hasira inaondokaje mwilini, ningelijua ningekwambia. Najua tu kwamba kabla ya kuinua mkono kuna muda, tena muda mwingi. Mimi nilipata wa kumfunga mbuzi.

Basi kipengele cha tatu nimekuandikia. Kimechukua mchana mzima na kimetoka kifupi. Soma hivi:

"Baba yangu anaitwa Shabani, anauza nyama Zinga. Siku moja ya Idd alimficha mbuzi nyuma ya ukuta asione damu. Kisha akauvunja mkono wa mwanawe kwa mpini wa shoka, na mwanawe mwingine amesimama anatazama. Mama alipoingilia, akamng'oa jino. Yule mwingine aliyesimama ni mimi. Hospitali nilisema kaka ameanguka mkoroshoni. Hakuanguka. Baba ndiye aliyenifundisha niseme hivyo, na leo baba ndiye aliyeniandikia niseme hivi."

Hapo pumua. Usiweke muziki.

Cha nne unasema mhusika afichwe. Mimi usinifiche. Huku watu watasikia, simu zimejaa kila mfuko, na Bi Mwajuma atasikia, pengine atahamia bucha la ng'ambo ya barabara. Na ahame. Nimekula sifa za huruma tangu ujana, sasa nile na hizi. Lakini kaka yako mpigie kwanza, umsomee yote. Mkono ni wake. Akikataa, toa habari ya mkono na ubaki na mbuzi, na ubaki na beseni, hayo ni yako. Mama yako nilimuuliza leo asubuhi kama nikuandikie au ninyamaze. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Akasema, "Andika. Na jino langu usilisahau." Kwa hiyo jino limo.

Mwisho wa ile skripti nilikuwa nimeongeza sentensi moja, ya kumwomba Athumani arudi nyumbani. Niliisoma kwa sauti humu ndani, kulabu tupu zikinisikiliza, na ilikuwa tamu. Nimeifuta. Kumwomba mtu mbele ya watu wote ni kumtia kamba. Akisikiliza, asikilize kisa chake, basi. Yeye hana deni la kunijibu. Wala wewe huna. Kama utafika Arusha ukaona kwamba hutaki sauti yako iwe na jina langu ndani yake, zichome karatasi hizi, sitauliza. Nilikutilia maneno mdomoni mara moja kwa nguvu. Haya nayaweka mkononi mwako tu.

Nimesikia adhana ya Alasiri muda mrefu uliopita na bado nimekaa. Mama yako atakuwa anajiuliza. Nitaikunja barua hii niiweke katikati ya zile karatasi nne, mahali pa kipengele cha tatu, utaikuta ukiwa ndani ya basi.

Kesho nitakusindikiza mpaka Msata. Begi nitabeba mimi, usibishane nami mbele ya watu. Basi likianza kuondoka utageuka dirishani kunitazama, najua, tangu mdogo ndivyo unavyoaga. Usije ukadhani nimekasirika ukiona sikupungii. Jumanne niliona unachokifanya mkono wangu unapopanda juu, na sitaki hilo liwe la mwisho kuliona ukiwa unaondoka nyumbani. Nitauweka kifuani. Utaniona nimesimama hapo karibu na malori, mkono kifuani, na sitautoa mpaka basi lipotee.

Baba yako,
Shabani